Theda Bara: Binti wa Fundi Cherehani Aliyeuzwa kama Mchawi wa Sahara

Ukitaja nyota wa sinema bubu aliyezimika mapema, msikilizaji hukuwahi na jibu: sauti ndiyo iliyommaliza. Filamu zikaanza kuongea mwaka 1927, wenye lafudhi nzito na sauti za kukwaruza wakafungasha virago, hadithi ikaisha. Kwa wachache maelezo hayo yana ukweli. Kwa Theda Bara hayana hata chembe. Mwigizaji huyu aliachana na kampuni ya filamu ya Fox mwaka 1919, miaka minane kabla watazamaji wa Marekani hawajasikia mtu akizungumza ndani ya filamu ndefu ya kuigiza. Hakuna kipaza sauti kilichomfukuza.

Kazi yake yote yenye uzito imebanwa kati ya Januari 1915 na mwisho wa 1919. Katika kipindi hicho aliigiza filamu karibu 40. Ukipiga hesabu utapata filamu moja kila wiki sita au saba, miaka mitano mfululizo. Kwa kasi hiyo, swali la kwa nini alidumu muda mfupi linageuka: aliwezaje kudumu miaka yote hiyo? Nami nadhani jibu la maswali yote mawili liko mahali pamoja. Theda Bara hakumiliki kitu. Jina lilikuwa la kampuni, historia ya maisha ilikuwa ya kampuni, na filamu zenyewe, hadi zilipoteketea, zilikuwa ghalani kwa mwenye mali.

Alizaliwa Theodosia Goodman mwaka 1885, Cincinnati, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa Myahudi mhamiaji kutoka Poland, fundi cherehani. Mama yake alitoka Uswisi. Alimaliza sekondari mwaka 1903, akasoma Chuo Kikuu cha Cincinnati kama miaka miwili, kisha akaenda New York kutafuta riziki jukwaani. Mwaka 1908 alipata nafasi Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya tamthilia jijini humo, na baada ya hapo ikawa miaka ya kuhangaika na nafasi ndogondogo ambazo hakuna mhakiki aliyezikumbuka. Kufikia 1914 alikuwa anaelekea miaka 30, umri ambao katika biashara ile msichana huambiwa amechelewa basi. Mwongozaji Frank Powell ndiye aliyempa kipande kidogo katika filamu iitwayo The Stain, kisha akamweka mbele katika kazi iliyofuata, A Fool There Was.

Mwenye fedha alikuwa William Fox, naye mtoto wa wahamiaji Wayahudi, kutoka Hungary, aliyeanzia kwenye biashara ya nguo kabla ya kununua majumba ya sinema. Wakati huo alikuwa mahakamani akipambana na umoja wa makampuni ya Edison uliotaka kuhodhi hataza za mashine za filamu. Alihitaji filamu ya kuleta pesa haraka, na alihitaji mwigizaji wa bei nafuu. Akampata binti wa fundi cherehani.

Kilichofuata leo vijana wangekiita kiki, na sijui kama kuna kiki iliyowahi kuizidi hiyo. Maafisa wawili wa matangazo wa Fox, Al Selig na Johnny Goldfrap, walikaa wakatunga mtu. Theodosia likakatwa likawa Theda. Bara likanyofolewa kwenye jina la ukoo upande wa mama. Kisha wakawaambia waandishi kwamba Theda Bara kazaliwa Misri, kwenye kivuli cha Sphinx, na kwamba damu yake ina mafumbo. Matoleo yalibadilika kadiri magazeti yalivyobadilika: safari hii baba ni msanii wa Kizungu, safari nyingine ni sheikhe wa jangwani. Waliwadokezea pia wasomaji kwamba herufi za jina lake, ukizipanga upya kwa Kiingereza, zinasomeka Arab Death, yaani Kifo cha Mwarabu. Zikapigwa picha akiwa na nyoka, na mafuvu, na moja mashuhuri ambamo amechuchumaa juu ya mifupa kamili ya binadamu, nywele zimemwagika, kana kwamba ndiyo kwanza amemaliza kula.

Louella Parsons, mwandishi ambaye baadaye angekuja kuogopwa Hollywood nzima, alisimulia juu ya mkutano wa waandishi uliofanyika hotelini Chicago. Chumba kilipashwa joto kupita kiasi, kikajazwa maua na mapazia mazito, na katikati akaketi Bara amejifunika manyoya, eti kwa kuwa mtu aliyekulia kando ya mto Nile hawezi kuvumilia baridi ya Marekani. Waandishi walipoondoka, Parsons alibaki nyuma. Akamwona binti wa Cincinnati akivua mavazi yale, akikimbilia dirisha na kuomba hewa.

Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja, ambaye Mwarabu kwake ni jirani, mkwe, mwenye duka la kona, au ni yeye mwenyewe, mambo haya yanachekesha. Lakini Marekani ya mwaka 1915 haikucheka, au ilicheka huku ikilipa kiingilio. Misri, Sahara na Arabuni zilikuwa kwao sehemu moja, mahali pa manukato na maangamizi, na hakuna aliyeuliza ni vipi mtu azaliwe jangwani na akulie mtoni.

Filamu yenyewe ilitokana na tamthilia, na tamthilia ilitokana na shairi la Rudyard Kipling la mwaka 1897, ambalo nalo lilitokana na mchoro wa Philip Burne-Jones. Linamhusu mwanamke mnyonya damu, ingawa si kwa namna ya mumiani wa simulizi zetu. Damu haionekani. Anachonyonya ni heshima ya mwanamume, mshahara wake na ndoa yake. Katika filamu, mwanadiplomasia mmoja anatumwa Uingereza, anawaaga mkewe na mtoto, na huko melini anakutana na mwanamke asiye na jina lolote zaidi ya Mnyonya Damu. Kabla meli haijang'oa nanga, mwanamume aliyetangulia kuharibiwa anamwelekezea bastola. Bara anacheka, anaisukuma pembeni kwa ua alilolishika. Mwanamume anajigeuzia bastola.

Filamu hii ni miongoni mwa chache zake zilizosalia, na kila mtu anaweza kuitazama leo. Nawashauri wanaorudia maneno ya vitabuni kwamba Bara hakujua kuigiza waiangalie sehemu hiyo ya ua. Hapepesi macho, hatupi mikono kama wenzake wa jukwaani walivyozoea. Anacheka kidogo tu, kicheko cha mtu anayemsikia mtoto akitishia kukimbia nyumbani. Kwingineko anazidisha, kweli, na mavazi mengine yanamvaa yeye badala ya yeye kuyavaa. Lakini mtu aliyeweza sekunde zile alikuwa na kitu.

Watazamaji walikitambua. Filamu iliingiza fedha nyingi, na Fox akaunda Fox Film Corporation mwaka huohuo wa 1915. Neno la mtaani la Kiingereza, vamp, likaenea kwa maana ya mwanamke mharibifu wa waume za watu. Na biashara ikafuata mantiki ya biashara: kama bidhaa moja imenunuliwa, toa ya pili. Mwaka 1915 peke yake alionekana katika filamu kama kumi. Soma majina ya zilizofuata: Sin, Destruction, The Serpent, The Vixen, The Tiger Woman, The She-Devil. Dhambi, Maangamizi, Nyoka, na kadhalika hadi Jini Jike. Mtu aliyekuwa akipanga majina hayo hakuwa akijenga mwigizaji, alikuwa akibandika lebo kwenye chupa.

Kwa nini chupa ile ilinunuliwa? Sehemu ya jibu ni ngono, hilo halihitaji uchambuzi. Ila nchi ilikuwa na hofu nyingine. Mamilioni ya wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya walikuwa wameingia tangu miaka ya 1880, na bunge lilikuwa likisukumwa kufunga mlango. Sheria kali zikapita 1917 na tena 1924. Mnyonya Damu wa Fox alikuwa ni hofu hiyo iliyotiwa wanja: mgeni mweusi wa nywele, asiyejulikana atokako, anayeingia kwenye nyumba ya Mmarekani wa heshima na kuacha mjane na yatima. Aliyeitunga sura hiyo kampuni ya mhamiaji Myahudi, aliyeivaa binti wa mhamiaji Myahudi. Walijua soko lao. Sidhani kama walifurahia kulijua.

Bara mwenyewe alikuwa msomaji wa vitabu na hakuwa mjinga. Aliwahi kusema kwamba ana uso wa mnyonya damu lakini moyo wa mtetezi wa haki za wanawake. Alijaribu pia kutoka kwenye chupa, na hapa ndipo hadithi iliyozoeleka inapokosea zaidi. Inasemwa kwamba alijua kucheza mwanamke mbaya tu. Lakini aliigiza binti yatima mwema katika The Two Orphans, mke aliyepotoka na kujuta katika East Lynne, Juliet wa Shakespeare mwaka 1916, Esmeralda katika filamu iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo. East Lynne ipo hadi leo. Hizo nyingine hazipo.

Mwaka 1917 alihamia California kwa ajili ya Cleopatra, chini ya J. Gordon Edwards, mwongozaji aliyefanya naye kazi zaidi ya wengine wote. Inatajwa kwamba iligharimu dola 500,000, fedha za kutisha kwa wakati ule, na picha za mnato zilizobaki zinaonyesha zilikokwenda: majukwaa makubwa, umati, na mavazi machache sana mwilini mwa malkia. Wakaguzi wa filamu Chicago walichukua mkasi. Watu wakafurika kuona walichobakiziwa. Mshahara wake, ulioanza kwa dola kama 150 kwa wiki, unatajwa kufika 4,000.

Hapo tuweke hesabu nyingine pembeni. Mwaka 1916 nyota wenzake Charlie Chaplin na Mary Pickford, kila mmoja kwa mkataba wake, walikuwa wakilipwa dola 10,000 kwa wiki, na Pickford alidai pia nusu ya faida. Tofauti ya pesa inaumiza lakini si kubwa kuliko zote. Pickford alikuwa amefungwa kwenye umbo moja kama Bara: msichana mdogo mwenye nywele za mawimbi, hata alipokuwa mtu mzima. Ila alisimama juu ya umbo lile kama mwenye shamba. Februari 1919, yeye, Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith wakaanzisha United Artists ili wasambaze kazi zao wenyewe. Mwaka huohuo Bara alikuwa akikamilisha mkataba kwa mtu mwingine, kwa jina ambalo mtu mwingine alilitunga. Familia yake ilikuwa hata imebadilisha jina la ukoo kisheria kutoka Goodman kuwa Bara, mwaka 1917. Walichukua jina la lebo.

Mwaka wake wa mwisho Fox ulitoa kipimo ambacho nakiona muhimu kuliko Cleopatra. Aliomba aachwe acheze mwema, akapewa Kathleen Mavourneen, msichana maskini wa Ireland. Wamarekani wenye asili ya Ireland walipinga. Walilalamika jinsi nchi yao ilivyoonyeshwa, na baadhi walilalamika zaidi kwamba msichana wao kachezwa na Myahudi. Vurugu zilizuka hadi ndani ya majumba ya sinema. Tafakari hapo. Kwa miaka minne Marekani ilikuwa imemkubali kama Mmisri, Mhispania katika Carmen, Mfaransa katika Camille na Madame Du Barry, na binti wa kambo wa Herode katika Salome. Alipojaribu kuwa msichana mweupe mwema wa kijijini, ndipo watu walipokumbuka baba yake ni nani. Siku zote walijua. Uongo wa Sphinx haukuwa umemdanganya mtu. Ulikuwa umewapa ruhusa ya kumtazama kwa namna fulani, na ruhusa ile ilikuwa na mipaka.

Wakati huohuo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha, na ladha ikageuka. Wanawake walikata nywele, wakafupisha gauni, wakaanza kuvuta sigara hadharani. Mwanamke wa kutisha anayeishi kwenye giza la mapazia akaanza kuonekana kama samani za bibi. Fox hakuwa na sababu ya kugharamia mabadiliko. Bara alitaka nyongeza na kazi bora. Kampuni iliacha mkataba ufe. Nasema hili bila kumfanya Fox jini: yeye mwenyewe alinyang'anywa kampuni yake mwaka 1930 na kufilisika miaka michache baadaye. Biashara ile ilikuwa na meno kwa kila mtu.

Mwaka 1920 Bara akarudi Broadway katika tamthilia The Blue Flame. Wahakiki walimchinja, na watazamaji waliripotiwa kucheka mahali pasipo na kichekesho. Lakini tiketi ziliuzwa. Watu walikuja kumwona Theda Bara kama vile watu huenda kuona treni iliyopinduka. Mwaka 1921 aliolewa na Charles Brabin, mwongozaji mzaliwa wa Uingereza, na inaelezwa kwamba mume hakupenda mkewe aendelee na kazi. Sababu hiyo hurudiwa sana, nami siipi uzito. Mlango ulikuwa umefungwa kabla mume hajatokea. Alijaribu tena mwaka 1925 kwa filamu moja, na 1926 kwa komedi fupi ya mtayarishaji Hal Roach ambamo anajidhihaki mwenyewe akiwa pamoja na mchekeshaji Oliver Hardy. Kisha basi. Ndoa ilidumu hadi kifo chake mwaka 1955.

Sasa tufike ghalani. Filamu za zama zile zilitengenezwa kwa selulosi nitrati, jamaa wa karibu wa baruti ya pamba. Zikizeeka huoza, zikioza hutoa joto, zikishika moto hazizimiki hata ukizimwagia maji, kwa sababu huzalisha oksijeni yake zenyewe. Usiku wa tarehe 9 Julai 1937, katikati ya joto kali, ghala la Fox lililoko Little Ferry, New Jersey, lililipuka. Mtu alipoteza maisha, na karibu hazina yote ya filamu za Fox kabla ya 1932 ikawa majivu. Za Bara zilikuwemo. Kati ya kazi zake karibu 40 zimesalia chache mno, za kuhesabu kwa vidole. Cleopatra, filamu iliyogharimu nusu milioni, imebaki sekunde. Kipande cha Salome kiliibuka Hispania mwaka 2021, kama dakika mbili.

Hakuwa peke yake. Uchunguzi uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulipitia filamu ndefu karibu 11,000 za zama za sinema bubu na kukuta ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Lakini ndani ya asilimia hiyo kuna mpangilio. Filamu za Chaplin zipo. Za Pickford zipo nyingi, kwa sababu nakala zilikuwa mikononi mwake. Alifikiria kuziharibu, akabadilisha mawazo, na uamuzi ukawa wake. Aliyemiliki kazi yake aliweza kuihifadhi. Aliyeajiriwa alitegemea kama bosi ataona faida ya kulipa mlinzi na feni, na mwaka 1937 hakuna bosi aliyeona faida katika filamu zisizoongea.

Ndiyo maana siwaamini wanaomhukumu. Hukumu kwamba Bara alikuwa mwigizaji mbovu imejengwa juu ya filamu yake ya kwanza kubwa, kejeli za wahakiki wa tamthilia moja, na picha za matangazo zilizopigwa na watu waliotaka aonekane hivyo. Ni sawa na kumpima mwanasoka kwa mechi yake ya kwanza na bango la soda alilopigia picha. Wanaomsifu kupita kiasi nao wana tatizo lilelile, maana nao hawajaziona.

Watafiti wanaendelea kupekua maghala ya Ulaya na Amerika Kusini, na wote wanatamani Cleopatra, jambo linaloeleweka. Mimi nikipewa kuchagua mkebe mmoja tu, nachukua Kathleen Mavourneen. Cleopatra itatuonyesha kile Fox alichokuwa anauza, na hicho tumeshakijua kutokana na picha. Ile ya msichana wa Ireland ilitokana na ombi lake mwenyewe.